Zimeni, Anapimwa Mzee Chengula

Jihadhari na majirani wanaokupenda. Anayekuchukia atakunyima chumvi, basi. Anayekupenda atakusaidia, na hutajua alikusaidia nini mpaka pumzi ikukate.

Nilikwenda kupima kwa Mzee Chengula siku ya jua la baridi, lile jua la Iringa linalong'aa bila kumpasha mtu joto. Simpimi mgonjwa mwenyewe. Homa na damu vina watu wake. Mimi napima nyumba. Tangu hospitali za mikoa zibaki na vitanda vya wajawazito na majeruhi tu, wengine wote tunalazwa kwetu. Mgonjwa akiombewa wodi ya nyumbani, mkaguzi ndiye anayeamua kama intaneti ya nyumba hiyo inaweza kumbeba Mlezi.

Mlezi ana mikono miwili na mfuko wa hewa, ila kichwa chake hakimo chumbani. Kichwa kiko Dodoma, kwenye mitambo ya Wodi Kuu. Kila pumzi ya mgonjwa husafiri mpaka kule, husikilizwa, kisha agizo hurudi: ongeza, punguza, ngoja. Mtandao ukikatika kabisa, Mlezi hupiga kelele na nesi wa zamu huja mbio. Ukichelewa tu, hapigi kelele. Hushika agizo la mwisho alilopewa na kuendelea nalo. Waliomtengeneza waliona hiyo ni adabu njema.

Nilipoingia Mtaa wa Mianzi, mtaa wetu wenyewe, watoto walikuwa wanacheza rede katikati ya barabara. Mjumbe wetu, Mzee Mdegela, alikuwa amesimama kwenye geti la Chengula na koti lake refu, kama mtu anayesubiri mgeni rasmi.

"Kamwene, mkaguzi."

"Kamwene, Mjumbe. Shikamoo. Mbona watoto wako nje saa za masomo?"

"Marahaba. Walimu wamewapumzisha."

"Wote?"

"Walimu nao ni binadamu, Atukuzwe. Ingia ndani, baba yako anakungoja."

Mzee Chengula si baba yangu. Ni baba wa Lusungu, niliyekaa naye dawati moja tangu tukiwa na meno ya utoto, mpaka yeye akaenda kusomea ualimu na mimi stashahada ya mitandao. Lakini nilikula ugali wake kuliko nilivyokula wa kwetu, kwa hiyo sikubisha. Alikuwa ameketi kitini, shuka la Kimasai mabegani, na juu ya kichwa chake, ukutani, lilining'inia tarumbeta la besi alilopiga kanisani tangu ujana mpaka mapafu yalipomkatalia.

"Pima, mwanangu," alisema. Kila neno alilitafutia pumzi kwanza. "Mimi nilikuwa napima watu kwa sikio. Mtu akikosea noti, namtupia kofia."

"Mimi nina kofia ya kazi, Baba. Siruhusiwi kuitupa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Lusungu akaja kumshika mgongo.

Nilisimama kando ya ruta, kama kanuni inavyotaka, nikabonyeza Pima kwenye kifaa changu. Mshale ulipanda kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ukapita njano, ukaingia kijani, ukagota mwisho kabisa wa kijani na kukaa hapo bila kutetemeka. Nyumba ya tofali za kuchoma, kwenye mtaa wa mwisho kabla ya mlima, ilikuwa na kasi ambayo ofisi yetu yenyewe haina.

Lusungu alipiga kigelegele kimoja kifupi. Niliwasha Mlezi, akakunjua mikono yake na kumfunika Mzee pua na mdomo kwa upole. Nilipotoka, Mjumbe alikuwa anaandika kitu kwenye simu. Kabla sijafika kona nikasikia mtaa mzima unaamka: muziki saluni, sauti ya mwalimu wa hesabu dirishani, mama mmoja akiita watoto warudi darasani haraka.

*

Jioni ya fainali ya kwaya niliwapelekea maparachichi. Kwaya ya usharika wetu ilikuwa inashindana na ya Njombe, na katika kila nyumba ukuta wa picha ulikuwa umewashwa, waimbaji wamesimama sebuleni kwa kimo chao kamili, majoho yao yanakaribia kugusa makochi. Kutoka barabarani ungedhani kila familia imepata wageni.

Mzee alikuwa kitandani chumbani kwake, mlango wazi ili asikie. Lusungu alikuwa sebuleni anaimba sauti ya pili na kwaya. Niliingia kumsalimu Mzee nikamkuta hajalala wala hayuko macho sawasawa. Kifua chake kilikuwa kinapanda, kinapanda, kinapitiliza pale ambapo kifua cha mtu husimama, kisha kinashushwa na kupandishwa tena kabla hakijafika chini. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga ubao wa kitanda. Kwa muda mfupi nilidhani anafuata wimbo. Halafu nikasikia kwamba kidole hakifuati kwaya, kinafuata Mlezi. Kilikuwa kinanionyesha mwendo wa mashine, kwa namna ambayo mpiga besi angemwonyesha mtu anayeharakisha: unakwenda mbio, unakwenda mbio.

Taa ya Mlezi ilikuwa ya bluu, taa ya amani. Mzee alikuwa amekohoa wakati wa shangwe, Dodoma ikasema ongeza, kikohozi kikaisha, na agizo la kupunguza halijafika. Mlezi alikuwa anatii.

Niling'oa kifuniko usoni kwake kwa mikono yangu. Ni kosa la kufukuzisha kazi. Alivuta hewa ya chumbani, hewa ya moshi wa jiko na dawa ya kuchua, akaivuta tena, macho yakarudi mahali pake. Tulipokuwa tunatazamana, ndipo agizo lilipofika. Mlezi akashusha mikono taratibu, punguza, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Lusungu," niliita.

Alipofika mlangoni bado alikuwa na wimbo kinywani. Aliona kifuniko mkononi mwangu, wimbo ukamfia.

Nilitoa kifaa changu na kubonyeza Pima palepale, kando ya kitanda, kwa jaribio tu lisiloingia kwenye rekodi. Mshale ulijikokota, ukainua kichwa kidogo, ukalala kwenye nyekundu.

"Siku ile nilipopima," nikamuuliza, "mlifanya nini?"

Aliketi kitandani, akamshika baba yake mguu. "Tulizima."

"Nani?"

"Mtaa. Wote. Tulifanya hivyo pia kwa Mama Mhema, na kwa mtoto wa Ngimba. Si jambo baya, Atu. Ni kama kuchangia harusi, ila hapa unachanga kwa kunyamaza."

"Na mimi sikuambiwa?"

"Wewe ni mkaguzi. Siku ulipoajiriwa Mjumbe alikutoa kwenye kundi ili usije ukalazimika kusema uongo. Tulikustahi."

Alinipa simu yake nisome. Ujumbe wa Mjumbe ulikuwa juu: Zimeni, anapimwa Mzee Chengula. Mungu awabariki. Chini yake mtaa mzima umejipanga. Nimezima. Tumezima na darasa la watoto. Nimezima mpaka saluni, wateja wamesubiri. Kisha Mama Ngimba: Nimezima kila kitu hata friji. Mtu akamjibu: Friji haitumii intaneti, mama. Naye: Najua, nimezima kwa upendo tu.

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilikaa nao kitandani, na ng'ambo ya ukuta kwaya ya Njombe ikaanza wimbo wake.

*

Niliwaeleza wakubwa wa mtaa kesho yake, barazani kwa Mjumbe, na nitaeleza na hapa kwa namna ileile, maana nimechoka kuambiwa kwamba kipimo changu kilidanganya.

Mtaa wote wa Mianzi unakunywa kwenye mkongo mmoja unaoshuka kutoka mnara wa mlimani. Ni bomba la maji lilelile mnalolijua. Jirani zako wote wakifunga, koki yako inatoa maji ya kuoshea gari. Wakifungua, unakinga kikombe. Mimi nilikuja mchana, nyumba zote zimefunga, nikasimama pembeni kabisa mwa ruta na wala si chumbani anakolala mgonjwa, nyuma ya ukuta wa tofali mbili. Na kipimo chenyewe huishia hapo mnarani. Hakikwenda Dodoma, kule kilipo kichwa cha Mlezi. Kiliulizwa nyumba hii inaweza kasi gani mpaka mlimani, dakika hii, mtaa ukiwa umekauka kimya. Kikajibu kweli tupu. Swali ndilo lilikuwa la kijinga, na kanuni ndiyo iliyolitunga.

"Kwa hiyo tatizo ni jioni," alisema Mjumbe.

"Tatizo ni sisi, Mjumbe. Jioni ndipo tunapokuwa nyumbani."

"Basi tutazima jioni."

Alisema kwa moyo wake wote, na mtaa ulimfuata kwa moyo wake wote. Jioni ya kwanza hakuna aliyewasha ukuta. Watu walitoa viti nje, wakachoma mahindi, wazee wakasimulia mambo ambayo vijana walikuwa hawajawahi kukaa kimya kiasi cha kuyasikia. Nilipima chumbani kwa Mzee: kijani. Alilala kama mtoto. Lusungu alinikumbatia barazani akaniambia, unaona, watu wetu ni watu.

Kisha mtoto wa mtu mmoja akawa na mtihani. Akafunguliwa yeye tu. Mume wa mwingine yuko Oman, humwona mkewe jioni tu, hawezi kuonwa saa nyingine. Saluni ina mteja wa mbali anayetaka kuona mitindo. Kila mmoja alifungua kidogo, akiamini wenzake bado wamefunga. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Nilipita dirishani kwa Mjumbe mwenyewe nikamwona ameinamia simu iliyofunikwa kwa kofia, anaangalia mpira bila sauti. Aliponiona aliizima, nikatamani asingeizima, maana aibu yake ilinichoma kuliko kosa lake.

Chumbani kwa Mzee, mshale ulikuwa njano. Siku zilizofuata ukawa unagusa nyekundu na kurudi.

Nilikwenda kwa bosi wangu, Bwana Sheshe, mtu nadhifu anayeongea kama anayesoma dua. Nilimweleza yote. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Kanuni inasema kipimo kimoja, kando ya ruta, saa za kazi," alisema.

"Wagonjwa hawabanwi pumzi saa za kazi tu, bosi."

"Atukuzwe. Tukipima jioni, mkoa huu utabaki na Walezi wangapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ndiyo maana tunapima mchana."

Alisimama akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Mamlaka ya kurudia kipimo unayo. Hakuna anayekuzuia kupima saa yoyote, chumba chochote. Lakini ukirudia kipimo rasmi ukapata nyekundu, mfumo utajifunga wenyewe. Mkongo ni mmoja, kwa hiyo watakwenda Walezi wote wa mtaa huo, na wagonjwa wao watahamishiwa Wodi Kuu. Si Mzee wako peke yake. Sikushiki mkono, wala sikusukumi."

"Na mkongo wa pili? Si tunaweza kuomba kampuni ivute wa pili?"

"Tumeomba. Wamekuja, wamepima." Aligeuka, na mara ya kwanza nikaona amechoka. "Mchana. Mtaa wenu ukawa umezima. Wakasema kasi inatosha kabisa."

*

Nilimwambia Mzee Chengula mwenyewe, kwa sababu ndiye mwenye mapafu.

"Nikipelekwa Dodoma," aliuliza, "nani atanisikia nikikohoa?"

"Kuna manesi, Baba. Na Mlezi wa kule kichwa chake kiko chumba cha pili. Agizo halichelewi."

"Nimeuliza nani atanisikia." Alipumzika. "Hapa Lusungu anajua kikohozi cha baridi na kikohozi cha hasira. Kengele ya kanisa ikipigwa najua ni nani anayeivuta. Acha nikatike pumzi hapa, mwanangu. Nimeishi. Wewe pima mchana, andika kijani, nenda nyumbani ukale."

"Wewe umechagua. Mama Mhema hajui hata kama kuna cha kuchagua, binti yake hataki aambiwe. Na mtoto wa Ngimba ana miezi tu duniani. Yeye nani amemuuliza?"

Alifumba macho.

"Mtoto wa Ngimba," alisema, "usimtumie kunifunga mdomo."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemtumia kwa kusudi hilohilo. Lakini mtoto alikuwepo, nyumba ya tatu upande wa kushoto, kifua chake hakizidi kiganja changu, na Mlezi juu yake akishika agizo la mwisho kila mtaa ulipowasha kuta zake. Mzee alikuwa na kidole cha kugonga kitanda. Mtoto yule angenigongea nini?

Nilikwenda kwa mama yake. Alinikaribisha chai, akanionyesha mtoto, kanenepa, kalala. Nikamwambia kwamba kuna jioni Mlezi huchelewa.

"Mwanangu hajawahi kubanwa hata mara moja," alisema.

"Umemwangalia wakati ukuta umewashwa?"

"Wewe Atukuzwe, huna mtoto," alisema, si kwa ukali, akanimiminia chai nyingine. Nilikunywa. Ilikuwa tamu mno, na sikuimaliza.

*

Lusungu alijua nimekuja kufanya nini kwa sababu sikubeba kitu ila kifaa cha kazi. Jioni siendi kwao mikono mitupu.

Kuta zote za mtaa zilikuwa zinawaka. Mpira, masomo, ndoa za watu wa mbali. Nilipita sebuleni, nikaipita ruta, nikaingia chumbani na kusimama kando ya kitanda. Nilikiweka kifaa kipime rasmi, njia yote mpaka Dodoma, kule ambako pumzi zinakwenda kweli.

"Usibonyeze," alisema Lusungu kutoka mlangoni.

"Toka hapo uje umshike mkono."

"Atu, nakuomba. Hatujawahi kuombana kitu, mimi na wewe. Nakuomba leo."

Mzee alinitazama juu ya kifuniko. Hakutikisa kichwa, kukubali wala kukataa. Kidole chake kilikuwa kimetulia juu ya shuka.

Nilibonyeza.

Mshale haukuinua hata kichwa. Rekodi ikajifunga, na Mlezi akakunja mikono yake kifuani, kama muumini aliyemaliza sala. Nilisikia kilio nyumba ya tatu, si cha mtoto, cha mama yake.

Nesi wa zamu alikaa na wagonjwa, na mitungi ya hewa, mpaka magari yalipofika asubuhi. Mtaa mzima ulitoka kusimama kando ya barabara, kimya, wengine na blanketi mabegani. Mzee alitaka kwenda na tarumbeta lake. Dereva akasema kitu kikubwa hivyo hakiingii wodini. Kwa hiyo Lusungu alichomoa ule mdomo wake wa shaba, kile kikombe kidogo anachopulizia mpigaji, akautia kwenye mfuko wa shati la baba yake. Alipita mbele yangu na machela bila kugeuza shingo.

Mama Ngimba alipita wa mwisho, mtoto amefungwa kifuani. "Sasa umefurahi," aliniambia.

*

Mzee Chengula alifia Dodoma mahindi yalipokuwa yanavunwa. Mlezi wa kule hakuwahi kuchelewa. Hewa ilikuwa sawa mpaka mwisho. Mapafu ndiyo yaliyochoka. Nesi alimwambia Lusungu kwamba usiku wa mwisho alikuwa na kikombe cha shaba mkononi na hawakujua ni cha nini, wakadhani ni cha kunywea dawa.

Sentensi hiyo Lusungu aliirudia kila siku ya msiba, kwa kila aliyekuja kumpa pole. Wakadhani ni cha kunywea dawa. Kila aliporudia, watu walinitazama.

Hakuna anayeweza kusema angeishi siku ngapi hapa. Mimi pia siwezi. Huenda jioni nyingi zingepita salama na angekufa akisikia kengele yake. Huenda angekufa wiki ileile, kwa mpira wa Mjumbe. Mtoto wa Ngimba ametolewa kwenye mashine, anatambaa, anakula udongo, na mama yake anaapa mpaka leo kwamba mtoto hakuwahi kuwa hatarini, ila mimi nilitaka kujionyesha. Siwezi kumthibitishia. Jambo lililozuiwa huwezi kuliweka mezani watu wakaliona.

Siku ya kuanua tanga tulikaa uani kwa Chengula, wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa. Tarumbeta lilikuwa limeshushwa ukutani na kuwekwa juu ya kiti chake, halina mdomo. Wali ulikuwa umeliwa. Mjumbe alisimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu, msiba umekwisha. Lakini kuna donda limebaki, na mtaa haulali na donda. Binti yetu Atukuzwe aliwahamisha wagonjwa wetu. Alikuwa anafanya kazi yake, hatumhukumu. Wodi nayo imemhamishia mtaa mwingine, hapa si mkaguzi tena. Amekuwa mwenzetu."

Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Zilitetemeka na za wengine. Niliitoa nikasoma: nilikuwa nimerudishwa kwenye kundi la mtaa. Watu walinitabasamia, wale waliokuwa hawajanisalimu tangu magari yale. Mama Ngimba alinisogezea sehemu ya mkeka.

"Wodi imeturuhusu kuomba upya," Mjumbe aliendelea. "Mama Mhema anataka kurudi kwake. Kesho anakuja mkaguzi mpya, kijana wa Mafinga, hajui mambo yetu."

Simu zikatetemeka tena. Kesho mchana zimeni, anapimwa Mama Mhema. Mungu awabariki. Na chini yake majibu yakaanza kuporomoka hapohapo, watu wameinama mbele ya kiti cha marehemu, vidole vinakimbia. Nitazima. Tutazima wote. Saluni itafungwa.

"Kwa hiyo," alisema Mjumbe, "tunachotaka ni kidogo sana. Atukuzwe asimame, aombe radhi familia ya Chengula, aombe radhi mtaa. Tupeane mikono. Kesho tuzime pamoja, kama zamani."

Nikasimama.

Lusungu alinyanyua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu jioni ile. "Sema tu, Atu," alisema, taratibu, kwa sauti ya dawati letu. "Neno moja. Hata kama hulimaanishi. Mimi nitalipokea, tumalize, uje uninyooshee nywele kesho. Nimebaki peke yangu humu ndani."

Ningeweza kumpa chochote. Ningempa mkono wangu akaukata. Nilitazama kiti na lile shimo la tarumbeta lililobaki wazi, nikamtazama binti wa Mama Mhema, ambaye tayari alikuwa ameandika asanteni sana na kuweka mikono miwili ya sala.

"Nimemlilia baba yako kuliko nilivyomlilia wangu," nilimwambia. "Nitamlilia tena. Nitakuja kesho asubuhi kukusaidia kufua mashuka ya msiba, ukinifukuza nitakaa getini."

"Na radhi?" aliuliza Mjumbe.

"Kesho mchana nitawasha ukuta wa kwetu, Mjumbe. Nitawasha simu, na redio, na darasa la wadogo zangu, na kila kitu chenye waya ndani ya nyumba. Kijana wa Mafinga akipima, apime mtaa wenye watu."

Mtu alisonya. Mama Ngimba alivuta mkeka wake akaurudisha.

"Mwanangu, tunakuuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya kiti cha marehemu."

"Mmenisikia, Mjumbe. Siombi radhi."